Askari Aliyekataliwa Malipo ya Kilema

Wasomaji wetu wa Buhongwa, na wa vijiji vilivyo kando ya njia kuu itokayo Mwanza kwenda Shinyanga, huuliza mara kwa mara: mtu aliyetumika jeshini, akapata kilema, akadai malipo, kisha akaletewa barua ya kumkatalia, afanyeje? Wengi huikunja barua ile, wakaitia sandukuni, wakanyamaza. Twaona si vema kunyamaza, na hapa twaeleza kwa nini.

Kwanza twakumbusha jambo lililotokea Mwanza kwetu. Askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Wadachi katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 walikuwa chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Alipoweka silaha huko Abercorn, mji ambao sasa waitwa Mbala, katika Zambia, tarehe 25 Novemba, 1918, askari wake walikuwa wakidai mishahara yao, na alichowapa ni vyeti. Miaka arobaini na sita ikapita. Katika mwaka wa 1964, ambao ndio aliokufa Jenerali huyo, Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa waliosalia hai. Mahali pa kulipia pakafunguliwa Mwanza, na mtu wa benki akaja na fedha.

Charles Miller, aliyeandika kitabu cha habari za vita hivyo, asimulia kuwa wazee wapatao 350 walikusanyika. Wenye vyeti walikuwa wachache mno. Wengine walileta vipande vya sare zao za kale. Kwa desturi ya ofisi nyingi wangaliambiwa: hamna karatasi, nendeni zenu. Lakini yule mwenye fedha alifikiri, akampa kila mzee ufagio uwe badala ya bunduki, akamwamuru kwa Kidachi afanye mazoezi ya silaha. Hakushindwa hata mmoja.

Fedha zile zilikuwa za mishahara, si za vilema. Hata hivyo fundo ni lile lile: mtu aweza kukosa cheti, na haki yake ikawa ingalipo, ikiwa ana njia nyingine ya kuthibitisha maneno yake.

Walakini ufagio una mpaka wake. Wathibitisha kuwa mzee alikuwa askari. Hauthibitishi kuwa mguu wake ulivunjika kazini. Na hapo ndipo madai ya kilema hukwama. Chukua mtu aliyepigana Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Jina lake lipo katika daftari la jeshi, wala hapana anayebisha. Lakini masikio yake yalikufa kidogo kidogo kwa mshindo wa mizinga, naye hakwenda kwa daktari ila baada ya miaka mingi. Ofisi yaweza kusema: huo ni uzee. Ndiyo sababu yafaa barua ya kukataa isomwe kwa utulivu, mstari kwa mstari, ijulikane hasa kilichokataliwa ni utumishi, au ni chanzo cha kilema, au ni kiasi chake. Mtu akijibu asiloulizwa, atakataliwa tena.

Huko Uingereza, sheria ya mwaka wa 1943 iliweka baraza la rufani lililo mbali na wizara yenye kulipa, na amri ya kifalme ya mwaka huo huo ikasema kwamba penye shaka ya haki, shaka hiyo imfae askari. Sheria hiyo ilikuwa ya majeshi ya kwao, lakini twaipenda hoja yake, maana askari hachagui siku ya kuumia, wala haendi vitani na karani wa kumwandikia.

Kwetu Tanzania, Katiba ya 1977, katika ibara ya 13(6)(a), yampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Basi, aliyekataliwa na aandike kwanza kwa ofisi ile ile, aombe apewe sababu kwa maandishi kama hazikutajwa, kisha apeleke kilichopungua: karatasi za hospitali, maelezo ya daktari wa sasa, namba yake ya jeshi, na hati za kiapo za wenzake waliokuwapo alipoumia. Wenzake hao watafutwe mapema, kwani wazee hawangoji. Walimu na viongozi wa vijiji waweza kusaidia sana katika kuandika.

Asipopata jibu la haki, aweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume haichunguzi shauri lililokwisha kufika mahakamani. Kwa hiyo mtu achague njia kwa kufikiri. Mahakama Kuu nayo yaweza kuombwa ilipitie tendo la ofisi. Haitapima kama mguu wauma. Itatazama kama ofisi ilifuata sheria na kumsikiliza mtu. Asiye na fedha za wakili aulize habari za msaada wa kisheria, uliowekwa kwa sheria ya 2017.

Ruhusa ya kufungua maombi hayo Mahakama Kuu yatakiwa iombwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi kutolewa. Kwa hiyo tarehe iliyo juu ya barua ya kukataa iandikwe pembeni siku ile ile inapopokelewa, na bahasha yenye muhuri wa posta isitupwe.