Kabla ya Fort Jesus, Simama Ras Serani

Mgeni akifika Mombasa hupelekwa moja kwa moja Fort Jesus. Atalipa kiingilio, atapiga picha kando ya mizinga, kisha atarudi hotelini kabla jua halijawa kali. Si vibaya, lakini ameanzia mwisho. Ziara ya mji huu yafaa ianzie Lighthouse, pale Ras Serani, kwani asiyeiona bahari ya pale hawezi kujua kwa nini ngome ile ilijengwa.

Wenyeji wanapajua vizuri, ila kwa mambo mengine. Jioni za wikendi familia humiminika papo hapo, ufukoni Mama Ngina, kupunga upepo. Watoto hukimbizana chini ya mibuyu, wakubwa hula mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati ikatiwa pilipili na ndimu, na dafu kando. Ni wachache wanaogeuka kuzitazama taa za kuongozea meli. Basi wewe geuka. Kisha tazama baharini wakati maji yametoka: mawimbi yanavunjika juu ya mwamba na kuchora mstari mweupe, mrefu, kulia na kushoto. Mahali pamoja mstari umekatika, na maji pale ni ya buluu iliyokolea. Huo ndio mlango. Chombo kikishaupita hukuta njia mbili, moja ya kwenda Kilindini na nyingine ya kwenda Bandari ya Kale.

Kazi ya taa za Ras Serani ni kuuonyesha mlango huo. Taa za kuongozea ni mbili, moja mbele na chini, nyingine nyuma na juu zaidi. Nahodha akiziona zimepangana, moja juu ya mwenzake, anajua yumo njiani. Zikiachana, chombo kimeanza kwenda upande, na huko kuna mwamba. Meli za leo zina mitambo inayosoma setilaiti, lakini ustadi huu wa taa mbili bado naustahi kuliko mitambo yote hiyo, maana hata baharia asiyejua kusoma angeufuata.

Aliyeushika mlango huu aliushika mji, na wote waliotoka mbali walilijua hilo. Mwaka 1589 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, alijenga ngome karibu na lango la bandari ili kuwazuia Wareno. Wareno wakaja na merikebu kutoka Goa, India, wakamshinda, huku Wazimba, wapiganaji kutoka bara, wakiwa wamekwisha kufika ng'ambo ya kisiwa. Baada ya hapo Wareno hawakutaka tena kubahatisha. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milano. Buruji zake zimepangwa kwa namna ambayo adui akiusogelea ukuta mmoja, anapigwa kutoka ukuta mwingine.

Kutoka Ras Serani hadi ngomeni ni mwendo wa kutembea kwa miguu, na nashauri utembee. Ukiwa njiani unaliona jambo ambalo ramani haikuonyeshi vizuri: chombo chochote kinachoingia Bandari ya Kale hupita mbele ya mizinga, karibu mno.

Ndani ya ngome, usiukimbilie ukuta wa juu. Katika makumbusho tafuta kipande cha ukuta chenye michoro ya askari wa Kireno. Walichora kwa mkaa na udongo mwekundu vitu walivyovikumbuka, na merikebu ni nyingi. Mtu aliyewekwa hapa kulinda bahari alikuwa akiiwaza merikebu ya kumrudisha kwao.

Na walio wengi hawakurudi. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, na mzingiro ukaendelea hadi Desemba 1698. Maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Mwaka 1697 maofisa wa Kireno walikwisha kufa, na amri ya ngome ikashikwa na Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwani Pate, pamoja na jamaa zake, hadi msaada ulipofika. Huyu ni Mswahili aliyeilinda ngome ya Wareno dhidi ya Waomani, na inaniuma kwamba mtu anaweza kuizunguka ngome nzima asisikie jina lake. Historia ya pwani haikuwa ya wageni wakipigana huku wenyeji wakitazama. Faza ilikuwa na siasa yake, Mombasa ilikuwa na yake. Mwaka huohuo wa 1697 merikebu ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome. Wapiga mbizi walianza kuichunguza mwaka 1977, na vitu vyake vimo makumbushoni.

Hapo ngomeni utaona pia mizinga miwili iliyotumika katika Vita Kuu vya Kwanza. Mmoja ni wa Königsberg, manowari ya Wajerumani, na wa pili ni wa Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg hiyohiyo katika bandari ya Zanzibar mwezi Septemba 1914. Königsberg nayo iliishia katika delta ya Rufiji mwaka 1915, na Wajerumani wakaifungua mizinga yake na kuipeleka kupigana nchi kavu.

Vita Kuu vya Pili vimeacha alama isiyotembelewa kabisa. Mwaka 1942, meli za Uingereza zilipokimbia kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo), Kilindini ikawa makao yao. Katika majengo ya shule ya Allidina Visram wakaketi wataalamu wa kufumbua siri za Wajapani, wakafaulu kusoma ujumbe wa meli zao za mizigo. Kibao kimoja cha maelezo kingetosha kuwajulisha watu kilichofanyika humo.

Malizia kwenye barabara ya Jomo Kenyatta, penye ukumbusho wa askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu vya Kwanza. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapagazi waliokufa katika vita vile ni makumi ya maelfu, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Matatu hupita hapo mchana kutwa. Hakuna kiingilio, hakuna foleni. Ukiwa na watoto, wasimamishe wakusomee maandishi ya Kiswahili kwa sauti, mpaka mwisho.