Mafao ya Wastaafu wa Reli: Somo kwa Familia Zetu

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na tangu hapo wapo vijana wa mlimani walioshuka kutafuta kazi ya reli. Aliyeajiriwa alijua kwamba uzee ukifika atarudi kwenye kihamba chake akiwa na mafao yake. Kwa waliotumikia Shirika la Reli la Afrika Mashariki, ahadi hiyo ilichelewa kwa miaka mingi. Tunaeleza hapa sababu yake, kwa kuwa kamati za parokia bado zinapokea wajane na yatima wenye maswali ya namna hii.

Fedha zilikwama wapi?

Shirika lilikuwa mali ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja, na makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Kila nchi ilikusanya nauli na ushuru wa mizigo, kisha ilitakiwa kupeleka fedha makao makuu ili zilipe madeni, vipuri na gharama nyingine. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 nchi hizi zilikuwa zikilaumiana: nani anachangia kidogo, nani ananufaika zaidi. Fedha zikazuiliwa, shirika likadhoofika. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya.

Wafanyakazi hawakuwa na sauti katika ugomvi huo, lakini mafao yao yalibaki ndani yake. Mgawanyo wa mali na madeni ulisuluhishwa na Dk. Victor Umbricht wa Uswisi, na mkataba ukatiwa saini Arusha Mei 1984. Kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake waliotumikia mashirika ya Jumuiya.

Hata hivyo, kusaini si kulipa. Wastaafu wa Tanzania, zaidi ya 31,000, walikwenda mahakamani, na Septemba 2005 wakafikia makubaliano na Serikali mbele ya Mahakama Kuu. Ilikuwa imepita miaka 28. Aliyekuwa na miaka 50 Jumuiya ilipovunjika alikuwa na 78. Wengi walikwisha kufariki. Malipo yalipoanza, baadhi walidai kwamba hayakulingana na haki yao, wakaandamana Dar es Salaam na kurudi mahakamani.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mafao si sadaka wala hisani. Ni sehemu ya mshahara ambayo mfanyakazi amekubali kuipokea baadaye. Ndiyo maana matumizi ya shirika yanamhusu mfanyakazi wa chini kabisa.

Pili, karatasi ni mali. Familia nyingi hukwama kwa kukosa barua ya ajira, hati za mshahara, au kwa sababu majina yanatofautiana kati ya cheti cha ubatizo na kitambulisho. Mstaafu akifariki, ukoo ufanye kikao, uandike muhtasari, na msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama. Bila hivyo mjane huzungushwa ofisi hadi ofisi.

Tatu, tuwatazame madereva na makondakta wa daladala na mabasi katika stendi yetu ya Moshi. Wengi hufanya kazi bila mkataba wa maandishi, na jioni humpelekea tajiri hesabu yake. Sheria inamtaka mwajiri wa sekta binafsi awasilishe NSSF asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi asikatwe zaidi ya asilimia 10. Pensheni ya uzeeni huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Aliyejiajiri anaweza kujiunga kwa hiari.

Kazi ya kamati

Tunaomba kila kamati itenge kikao kimoja na familia zenye mfanyakazi au mstaafu. Waulizwe mambo matatu: Je, nyaraka zipo na majina yanalingana? Je, taarifa ya michango imeangaliwa mwaka huu? Je, mke, mume au watoto wanajua zilipo?

Kikao hicho hakihitaji fedha za mfadhili. Wastaafu wa reli walisubiri kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa. Tusikubali wengine wasubiri kwa sababu ya karatasi iliyopotea.