Kompyuta ya mezani inapozimika mara kwa mara: tafuta chanzo kabla ya kufuta mfumo

Hesabu za mwezi mzima za chama cha akiba zinakaribia kukamilika, mara kioo kinageuka bluu, kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe. Robo saa haijapita, inarudia. Wengi yakiwafika hayo hukimbilia dawa moja: kumwita fundi afute kila kitu na kuweka mfumo endeshi upya, au, kama wasemavyo mafundi wenyewe, "kupiga Windows". Dawa hiyo mara nyingine huponya. Lakini ubovu ukiwa katika kifaa na si katika programu, kompyuta itaendelea kuzimika vilevile, na mwenyewe atakuwa amepoteza barua, picha na hesabu zake bure.

Mikasa miwili ya mwaka 2024 inaonyesha kwa nini chanzo hutafutwa kwanza, matengenezo yakafuata.

Ijumaa ya tarehe 19 Julai, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza sasisho lenye kasoro la programu yake ya ulinzi. Kompyuta za Windows zilizolipokea zilionyesha kioo cha bluu, zikajiwasha, zikazimika tena. Sasisho hilo liliondolewa baada ya dakika 78 tu, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuathirika, na safari za ndege, benki na hospitali katika nchi nyingi zikavurugika. Vifaa vyenyewe havikuwa na ubovu wowote. Tiba ilikuwa kuiwasha kompyuta katika hali ya usalama na kufuta faili moja.

Mkasa wa pili ni kinyume chake. Watu wenye kompyuta za mezani zilizotumia baadhi ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 waliona programu zikifungika na mfumo ukizimika bila mpangilio. Baadhi yao waliletewa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, nao wakaituhumu kadi hiyo. Mwezi Julai 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipata volti kupita kiasi. Marekebisho yalitolewa kuanzia Agosti na muda wa dhamana ukaongezwa kwa miaka miwili, lakini prosesa zilizokuwa zimekwisha kudhurika hazikuponywa na marekebisho hayo; zilihitaji kubadilishwa. Hapo hata mtu angefuta mfumo mara kumi, asingepata nafuu.

Okoa kazi zako kwanza

Maadamu kompyuta bado inawaka, hata kwa dakika chache, nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje au flashi kabla ya kujaribu jambo lolote jingine. Anza na yale yasiyopatikana kwingine: hesabu, picha za familia, nyaraka za shule na za kazi. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, zima kompyuta na usiiwashe tena kwa majaribio. Kila dakika ya kuzunguka yaweza kupunguza kile kitakachookolewa. Kompyuta isipowaka kabisa, fundi anaweza kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine. Kwa vyovyote vile, mwambie fundi waziwazi kwamba asifute chochote kabla ya kunakili.

Tazama inazimika vipi

Namna kompyuta inavyozimika ni ushahidi. Ikikata ghafla kama taa umeme unapokatika, bila ujumbe wowote, shuku umeme au joto. Ikionyesha kioo cha bluu, mfumo wenyewe umegundua kosa ukasimama ili kuzuia madhara zaidi. Ikiganda huku kishale hakisogei, chanzo chaweza kuwa diski, kumbukumbu, kadi ya picha au programu.

Kioo cha bluu huwa na jina la kosa. Lipige picha kwa simu kabla halijatoweka. Iwapo kompyuta hujiwasha upesi mno, ingia kwenye mipangilio ya mfumo na uzuie kujiwasha kwenyewe baada ya kosa. Katika Windows unaweza pia kuandika perfmon /rel kwenye sehemu ya kutafutia. Utafunguka ukurasa unaoonyesha siku kwa siku ni lini mfumo ulianguka na ni programu gani iliyowekwa kabla yake. Aghalabu wenye tatizo hili hukuta katika kumbukumbu za matukio tukio namba 41 na kudhani wamepata jibu. Tukio hilo husema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa ipasavyo. Halisemi kwa nini.

Programu au kifaa?

Jiulize nini kilibadilika siku chache kabla ya tatizo kuanza: sasisho, programu mpya, printa, kadi, hata kuhamisha kompyuta kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ukimwendea fundi, mweleze yote, hata ile programu uliyopewa na rafiki bila leseni. Mficha uchi hazai.

Kisha jaribu hali ya usalama, ambayo huwasha mfumo ukiwa na vitu vya lazima tu. Shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya, kisha ufuate chaguo za ukarabati. Kompyuta ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, Windows huzifungua chaguo hizo yenyewe. Kompyuta ikitulia kwa saa nzima katika hali hiyo ilhali kwa kawaida huzimika kila robo saa, tuhuma inaelekea kwenye programu au viendeshi, hasa kiendeshi cha kadi ya picha. Ondoa kilichoongezwa karibuni. Ikizimika hata humo, tuhuma inaelekea kwenye kifaa.

Umeme, joto, kumbukumbu

Ukaguzi wa vifaa uanze na kisicho na gharama. Badilisha waya wa umeme na soketi. Kama umeme wa mtaani hupanda na kushuka, ijaribu kompyuta mahali penye umeme tulivu au kwenye UPS. Pawasapilai iliyochoka huweza kumudu kazi nyepesi na kukata kompyuta inapofanya kazi nzito. Njia rahisi ya kuithibitisha ni kuazima nyingine nzima na kujaribu. Usiifungue pawasapilai kamwe: ndani yake hubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Joto hufuata. Zima, chomoa waya, fungua kasha na utazame vumbi. Lisafishe kwa brashi laini, ukiizuia feni isizunguke kwa kidole. Ukiwasha, hakikisha feni ya prosesa inazunguka. Kompyuta ikizimika haraka zaidi adhuhuri kuliko alfajiri, hiyo ni dalili ya joto, na huenda krimu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka. Chunguza pia kapasita zilizo kwenye ubao mama. Zile zilizovimba kichwani zimeharibika.

Kisha RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Waya ukiwa umechomolewa, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, toa vipande vya RAM, uvirudishe mpaka vishikwe vizuri. Vikiwa viwili, tumia kimoja kwa siku nzima, kisha kingine. Amri ya mdsched katika Windows huipima kumbukumbu wakati wa kuwaka, nayo programu ya bure ya Memtest86+ hupima kwa kina zaidi. Iache ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja likijirudia ni sababu ya kubadilisha kipande hicho.

Katika hatua zote hizi badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike tarehe na matokeo. Anayebadilisha RAM, pawasapilai na mfumo siku moja huenda akapona, lakini hatajua ni fedha gani kati ya alizotoa iliyomponya, wala atazame nini tatizo likirudi. Orodha hiyo ya tarehe, pamoja na picha za vioo vya bluu, ndiyo ya kumkabidhi fundi. Itampunguzia saa za kubahatisha, nawe itakupa sababu ya kukataa pale anapotaka kufuta mfumo kabla hajaeleza anashuku nini.