Kizuia-radi au Kichepushi?

Kifaa cha kukinga mitambo ya kompyuta dhidi ya radi mara nyingi hupewa jina la kizuia-radi. Jina hilo laeleweka upesi, lakini lapotosha. Makala haya yanakusudia kueleza kazi halisi ya kifaa hicho, ili istilahi yake iafikiane na jambo lenyewe.

Kwanza, tutenganishe maneno matatu. Umeme, kwa maana yake ya asili, ni ule mmweko wa angani. Baadaye neno hilo likapewa pia nguvu ipitayo katika nyaya. Ngurumo ni sauti. Radi ni pigo lenyewe liangukalo. Pigo hilo huwa na mkondo wa kadiri ya ampea 30,000, na pengine zaidi. Hakuna kifaa cha mezani kiwezacho kuizuia nguvu hiyo. Liwezekanalo ni kuipa njia nyingine ya kwenda ardhini.

Tuchukue mfano wa shule yenye majengo mawili yaliyounganishwa kwa waya wa shaba wa mtandao. Radi ikianguka karibu na jengo moja, volti ya ardhi ya hapo hupanda ghafula kuliko ya jengo la pili. Kupanda huko twapendekeza kuitwe mfumuko wa volti. Hapo waya ule huwa daraja: mkondo hupita ndani yake na kuunguza swichi na kompyuta, hata kama soketi za ukutani zina kinga yake.

Kwa hiyo twapendekeza neno kichepushi. Kama vile barabara ya mchepuko ipitishavyo magari nje ya mji, ndivyo kichepushi, volti inapovuka kiwango chake, kifunguavyo njia ya kuelekea waya wa ardhi. Pasipo waya huo, mchepuko huishia porini. Yafaa kichepushi kiwekwe kila mwisho wa waya wa mtandao, na katika kila jengo nyaya za ardhi za kinga ya paa, za umeme na za mtandao ziunganishwe pamoja, ili volti zake zipande na kushuka kwa pamoja. Baina ya majengo, ni bora zaidi kutumia nyuzi za kioo zisizo na ala ya chuma, kwani hizo hubeba mwanga, wala hazipitishi umeme.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mashariki ya Kongo na eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zipigwazo na radi nyingi zaidi duniani, na shule iliyounguliwa kompyuta zake hainunui nyingine upesi. Mwalimu mkuu aliyeuziwa kizuia-radi hudhani kazi imekwisha. Aliyeuziwa kichepushi hana budi kumwuliza fundi: chachepusha kwenda wapi? Jibu la swali hilo ndilo kinga yenyewe.