Spika Ndefu za Bei Nafuu: Sifa za Wenye Nazo

Chama kinachokusudia kununua spika ndefu za kusimama sakafuni kwa ajili ya ukumbi wake hakina budi kuzipima sifa zinazotolewa na wenye nazo. Wengi husifu besi nzito. Hawasemi uongo, ila wanaeleza habari za sebule zao: spika ikisogezwa kwenye pembe ya chumba, besi huzidi na maneno ya msemaji huvurugika. Aidha, spika ya desibeli 87 huhitaji nguvu maradufu ya amplifaya ili ilingane na ya 90. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kujaza ukumbi, kispika cha sauti nyembamba ndicho huungua kwanza, na fedha za wanachama zimepotea. Katibu azisikilize ukumbini kabla ya kulipa, tena kwa hotuba, si kwa muziki tu.