Ubao Usiopigwa Msumari

Maji yakipwa katika Hori ya Mida, pwani ya Kenya, ufuo wa Dabaso hugeuka karakana. Vyombo vilivyoelea asubuhi hulala ubavu kwenye tope, kando ya mikoko, na wenyewe hupata nafasi ya kuvikagua tumboni. Mtu akiinua ubao mmoja wa sakafu ya mashua, kinachomlaki kwanza ni harufu: maji ya ngama, magamba ya samaki, kipande cha mshipi kilichooza. Hutwaa upo akafua maji, akapangusa, ndipo akayatazama maungio na mataruma, yaani mifupa ya ndani ya chombo. Ubao wenyewe haukupigiliwa. Umekalishwa tu, tena makusudi.

Sakafu ya chombo haizuii maji kuingia. Hiyo ni kazi ya mbao za nje. Kazi yake ni kugawa uzito. Anayekanyaga katikati ya mataruma mawili huuweka mwili wake wote juu ya ngozi ya chombo. Anayekanyaga ubao huyagawia mzigo huo mataruma kadhaa kwa pamoja.

Boti dogo la alumini linahitaji msaada huo zaidi, kwa kuwa ngozi yake ni bati la milimita chache. Anayetaka kulitilia sakafu kwa kawaida huanza na plaiwudi ya milimita 12. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 ina uzito wa kilo 20 hivi, kama gunia dogo la saruji lililopungua kidogo, na boti halitalalamika. Litakalolielemea ni maji yasiyoonekana. Maji ya kina cha sentimita 2 tu, yakitanda chini ya sakafu yenye ukubwa wa mita 3 za mraba, ni lita 60, yaani zaidi ya kilo 60. Na maji hayakai kama gunia: boti likiinama kushoto, yote hukimbilia kushoto na kuzidi kuliinamisha.

Kwa hiyo vipande vya kubebea sakafu hukatwa vijitundu upande wa chini, ili maji yateremke hadi mahali pamoja pa kufulia. Hufungwa kwenye mataruma, si kwenye bati la chini, maana kila tundu lililotobolewa chini ya usawa wa maji ni mlango. Sakafu nayo iwe chini iwezekanavyo. Ikipandishwa sentimita 15, mvuvi anayesimama kuvuta wavu hupanda naye, na boti hupinduka kwa urahisi zaidi.

Wengine hung'oa viti ili wapate uwanja. Ni kosa kubwa. Kiti cha kukatiza hushikilia mbavu mbili za boti zisiachane, na katika maboti mengi ya alumini ndani yake mna povu la kuelesha chombo kikijaa maji.

Halafu kuna shaba. Nguzo za umeme zenye rangi ya kijani zilizozoeleka Kenya hutiwa dawa yenye shaba ili zisiliwe na mchwa, na mbao za dawa ya namna hiyo huwavutia mafundi kwa kuwa haziozi upesi. Zikigusana na alumini penye maji ya chumvi, hutokea jambo lile lile linalotokea ndani ya betri: umeme mdogo hupita, na alumini ndiyo huliwa. Hata kipande cha waya wa shaba kilichoanguka ngamani kinaweza kutoboa bati. Bora plaiwudi ya baharini iliyopakwa epoksi pande zote, hasa kingoni, na skrubu za chuma kisichoshika kutu zilizotengwa na bati kwa washa za nailoni.

Malighafi hubadilika, mpangilio hubaki. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliunda Flipflopi, jahazi la mita 9 hivi la plastiki iliyorejelezwa, lenye mkuku, mataruma na mbao kama majahazi ya baba zao. Mwaka uliofuata liliteremka pwani hii hadi Unguja.

Dabaso, kabla maji hayajaanza kujaa, mbao za sakafu huwa zimeegemezwa ubavuni mwa mashua zikianikwa juani. Kila moja ina alama yake ya chaki, ili irudi pale pale ilipotoka. Ile ya karibu na tezi, inayofunika mahali pa kufulia maji, hurudishwa mwisho.