Tanki ya Samaki Imegeuka Brown? Angalia Maji ya Borehole Kwanza

Umetoa doo, ukaleta samaki wa baharini hadi Kathonzweni, halafu wiki ya pili mchanga na mawe yote ni kahawia kama vumbi ya barabara. Usipanic, msee.

Huo ni mwani mdogo sana unaoitwa daiatomu. Unajijengea ganda la silika, ile kitu iko kwa glasi, na silika inaletwa na maji. Hapo ndipo watu huchomeka: ati borehole zetu ziko na chumvi, si ni kama bahari? Zii. Bahari iko na chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Maji ya borehole yamepita kwenye mawe chini yakabeba silika, so kila ukijaza tanki unalisha mwani.

Ya mvua nayo ikipita kwa mabati inaweza kubeba zinki, sumu kwa matumbawe na konokono. Nunua maji ya RO, changanya na chumvi ya akwaria, si ya jikoni. Brown iliyoko ifute, punguza masaa ya taa. Kwa tanki mpya huisha yenyewe baada ya wiki chache. Ikivutika kama kamasi na iko na mapovu, hiyo ni ngori ingine kabisa.